Mzigo wa Jumamosi, Mbio za Jumapili

Ždiar, 10 Novemba 1997

Kwa Babu Imrich, mume mwenzangu,

Nakusalimu kutoka nyumbani kwako, ambako sasa bwana mkubwa ni mimi. Nalala kitandani kwako, nakula kwa kijiko chako. Mimi mzima kama jiwe. Ng'ombe nimempeleka kwa jirani Mačák kama shangazi Otília alivyoagiza. Baba na mama wametuma kadi kutoka Ostrava: baba anasema hewa ya mgodini ni nzito, mama anasema nikate nywele. Sikati. Na wewe je? Tangu shangazi akupakie kwenye treni siku ya tatu baada ya kumzika Bibi, hujaandika hata mstari. Nikasema labda nchi tambarare imekulaza usingizi, maana mtu asiye na mlima wa kutazama atatazama nini.

Sasa habari yenyewe. Juzi Jumamosi nilipanda mlima hadi Nyumba ya Juu, kwa Gejza na wageni wake, na kilo arobaini na tano mgongoni: viazi, mtungi wa gesi, ndoo ya kabichi kali na magazeti ya Gejza ya wiki nzima. Theluji ilikuwa magotini. Nilitumia saa mbili na dakika tano tu, Babu. Gejza akatazama saa ya ukutani, akanitazama mimi, akauliza, "Nani kakufukuza?" Nikamjibu, "Njaa."

Akanipa supu, kisha akaniambia mbele ya wapagazi wote kwamba misumari ya jikoni ni saba, chanja za kubebea mizigo mgongoni ni saba, kila moja na msumari wake, na ya Imrich Pitoňák inaning'inia bila mgongo tangu goti lako likatae kupanda. Akasema, "Mzee harudi tena." Samahani, ndivyo alivyosema. Basi tarehe 14 Februari, kwenye mashindano ya mizigo, kilo hamsini kila mtu, atakayevuka kizingiti cha jiko wa kwanza atapewa msumari wako na kazi ya kudumu. Vendelín Bachleda akacheka, akasema, "Huyu mtoto mpeni kikapu cha mayai abebe." Nikamwambia shingo yake imenenepa kwa sababu damu ikifika kichwani haikuti kazi ya kufanya, inarudi kukaa hapo. Hata Gejza alicheka.

Jumapili nilikimbia mpaka Javorina kwa njia ya juu na kurudi, kilomita thelathini na mbili, mfukoni mkate na mafuta ya nguruwe. Ndiyo ratiba yangu: siku za kazi napasua magogo, Jumamosi mzigo, Jumapili mbio. Tangu Oktoba sijakaa nyumbani Jumapili hata moja.

Viatu vyako vya ngozi nimevichukua. Vinabana kidogo, lakini wewe huko unapanda lifti.

Mimi nisiyeshindwa,
Blažej


Komárno, 30 Novemba 1997

Blažej,

Barua yako nimeisoma. Shangazi yako anakusalimu, mumewe pia, watoto pia. Tunakaa ghorofa ya tano. Ukungu wa mto Danubi unakuja asubuhi na hauondoki. Majirani ni Wahungari, watu wema. Mama mmoja huniletea supu ya samaki yenye pilipili nyekundu. Naila. Ladha siioni, lakini naila.

Gejza kasema kweli. Mimi sirudi. Ule msumari ungebaki kwenye jina letu ningefurahi, hilo sikufichi. Basi sikiliza. Kitu kizito funga juu, si chini, kikae usawa wa masikio. Hatua fupi. Usiongee. Na mzigo usiushushe njiani. Anayeushusha kabla ya kizingiti cha jiko, wapagazi wanampita bila neno, na mwaka mzima hawamwiti kwa jina. Hilo unalijua.

Viatu vile ni namba arobaini na mbili. Wewe unavaa arobaini na nne. Nakumbuka kwa sababu aliyekuwa akikufumia soksi alilalamika sana juu ya sufu. Vivue. Kiatu kinachobana kwenye theluji si kiatu. Mguu ukikuuma kwa baridi, simama uugongegonge kwenye jiwe.

Barua zako zina makosa mengi ya herufi. Otília aliyaona, si mimi.

Babu yako,
Imrich


Ždiar, 29 Desemba 1997

Kwa Babu, mwalimu wa herufi,

Heri ya Krismasi iliyopita na mwaka unaokuja. Mwambie shangazi kwamba makosa ni yangu na nayapenda, nayo yananipenda. Kwa Mačák ng'ombe amezaa ndama mwenye doa jeupe puani. Padri ameniulizia. Nilimwambia Jumapili naabudu kwa miguu. Hakucheka, lakini alinipa keki ya asali.

Krismasi nilikula huko juu kwa Gejza. Walinikaribisha. Kulikuwa na samaki wa kukaanga, supu ya kabichi na uyoga, na sahani moja ya ziada mezani kwa mgeni asiyetazamiwa, kama kawaida. Mke wa Gejza akaniuliza kama nataka kuongea. Nikamwambia nataka viazi.

Sasa nikupe habari ya wikendi ile kabla ya Krismasi, uone umezaa mjukuu wa aina gani. Jumamosi: kilo hamsini na mbili, kasha la bia juu kabisa usawa wa masikio kama ulivyosema. Nilimpita Vendelín kwenye kona ya tatu. Akaniambia, "Polepole, utamwaga maziwa ya mama." Nikamwambia, "Baki na neno lako la mwisho, mimi nabaki na nafasi ya kwanza." Jumapili nikatoka kwa ski, zile mbao za kutelezea, hadi tandiko la mlima, pale unapoinama kati ya vilele viwili, nikaziacha hapo, nikakimbia kuteremka upande wa kijito. Theluji ikapasuka. Chini yake maji. Mguu wa kushoto ukazama hadi gotini, kiatu kikajaa. Mwingine angerudi. Mimi nilikimbia kilomita kumi na nne nyingine. Nilipofika kwa Gejza, kamba za kiatu zilikuwa barafu tupu, tukazikata kwa kisu. Nikaweka mguu mdomoni mwa jiko la kuokea, nikanywa chai yenye ramu vikombe vitatu. Kisha nikavaa kiatu hichohicho, nikateremka nyumbani.

Na viatu sivui, Babu, maana nimevishinda. Mwezi mzima vilinitesa, nikawa nachechemea kama kuku. Tangu siku ile ya kijito haviumi tena. Kabisa. Naweza kukanyaga msumari nikauliza nani kabisha hodi. Vendelín husimama kila baada ya nusu saa anapiga miguu chini kama farasi, mimi napita tu. Nimekuwa chuma. Wiki saba zimebaki.

Mpagazi wa chuma,
Blažej


Komárno, 8 Januari 1998

Blažej,

Usipande tena. Barua hii ikikufikia, vaa viatu vikubwa, panda basi uende hospitali ya Kežmarok uwaonyeshe huo mguu. Siku hiyohiyo. Usiuweke karibu na moto. Usiusugue kwa theluji, hata wakikwambia.

Msumari mwache Bachleda auchukue.

Sote wazima hapa.

Babu


Ždiar, 26 Januari 1998

Babu,

Salamu. Shangazi na wote nawasalimu. Hapa theluji imefika madirishani upande wa zizi. Ndama anaendelea vizuri.

Barua yako nimeipata, nami nimeshangaa. Novemba unasema msumari ubaki kwenye jina letu, Januari unasema mwache Bachleda auchukue. Au shangazi kakuandikia hiyo? Wewe uliyerudi mlimani na vidole viwili tu vya mguu wa kulia, watu mpaka leo wanakusimulia hapa baa, unaniambia mimi nikae kitako? Tena wewe vidole vyako vilikatwa na msumeno wa kiwanda cha mbao. Baridi haikuhusika. Basi mambo ya baridi waachie wenye baridi.

Mguu hauna kitu. Vidole vitatu vimekuwa na rangi ya zabibu kavu na ngozi imekaza, ndiyo hivyo. Navipaka mafuta ya bata. Mke wa Mačák aliona nilipokuwa nabadilisha soksi zizini, akasema, "Blažej, hicho kidole kimekufa." Nikamwambia, "Kifiche, kisije kikadai jeneza." Hakupenda mzaha huo. Mimi mwenyewe baadaye sikuupenda.

Nikwambie kitu kimoja, kisha tusikiongee tena. Nisipopanda Jumamosi na nisipokimbia Jumapili, inabidi niwe ndani ya nyumba. Nimejaribu mara moja. Nilikaa jikoni kuanzia asubuhi mpaka kengele za mchana. Hakuna kilichotokea. Sikulia, sikuwaza. Nilitazama ndoano inayoning'iniza aproni. Hata siku ya mazishi niliona watu wananitazama wanangoja, na mimi nilikuwa nahesabu ni ngazi ngapi kutoka kanisani. Ni kumi na moja. Nikiwa na kilo hamsini mgongoni angalau najua ni kitu gani kizito.

Tarehe 14 napanda. Nitakuandikia ushindi.

Blažej


Komárno, 5 Februari 1998

Mjukuu wangu Blažej,

Nimejaribu kumpigia simu Gejza siku tatu. Upepo umeangusha waya. Mačák nimempigia, anasema ulimsikiliza ukaondoka. Kwa hiyo naandika, na Otília ataipeleka posta sasa hivi.

Haukuwa msumeno.

Ilikuwa Januari 1961. Nilikuwa nimebeba bomba za jiko jipya la juu, kilo sitini na nane, kwa sababu nilisema baa kwamba nitazibeba kwa safari moja. Viatu vilikuwa vizuri kuliko hivyo vyako, lakini nilizama kwenye maji kama wewe, na sikushusha mzigo. Karibu na juu miguu ikaacha kuuma. Nikafurahi. Nilifurahi hasa, nakumbuka nilipiga mluzi. Nilikausha soksi kwenye jiko, nikateremka. Nilifanya hivyo siku nne mfululizo. Kuganda, kuyeyuka, kuganda. Mguu wa kulia ulipoanza kunuka ndipo wakanipeleka Kežmarok. Nililala pale miezi mitatu.

Sasa nikwambie lililobaki. Wakati huo mpagazi akikosekana mwezi, msumari wake unapewa mwingine. Wangu haukupewa mwingine. Watu hapo baa wakikusimulia, hawakwambii kwa nini, maana waliojua wamekufa, na mmoja wa mwisho tulimzika Oktoba. Bibi yako Apolónia alivaa chanja yangu. Februari, Machi, Aprili. Kilo ishirini, ishirini na tano, mara tatu kwa wiki. Alipoanza alikuwa na mimba ya miezi minne. Babake Gejza alimwambia aache. Akamjibu kwamba akiacha, mume wake akitoka hospitali atakuwa hana pa kwenda. Kila Jumatatu alikuja kunitazama, akaleta jibini, hakusema neno. Mimi sikuuliza kwa nini mabega yake yamechubuka. Niliyaona.

Mtoto alizaliwa Aprili mwishoni, kabla ya wakati. Hakulia.

Tukakubaliana kusema ni msumeno. Hapana. Mimi nilisema, yeye akanyamaza. Nikarudi mlimani, watu wakanisifu, nikakubali kusifiwa miaka thelathini na sita mbele yake. Baba yako na Otília walizaliwa baadaye, hawajui. Otília anajua leo, amesoma juu ya bega langu na sasa amekaa chini.

Ule msumari si wangu wa kukuachia. Usiufie.

Siku ya mazishi nami nilikuwa nahesabu. Misumari ya jeneza.

Babu


Hospitali, Kežmarok, 24 Februari 1998

Babu,

Salamu kutoka kitanda cha dirishani. Chakula kibaya. Jirani yangu kitandani ni mzee aliyeanguka kutoka kwenye paa lake akipakua theluji, anakoroma kama trekta. Shangazi alipiga simu, nimeongea naye, alilia, nami nikamuuliza bei ya nyanya.

Barua yako ilifika Ijumaa, siku moja kabla. Niliisoma mara mbili nimesimama uani. Nilidhani nitahisi kitu. Nikaikunja nikaiweka ndani ya kofia. Asubuhi nikapanda. Sikukaidi, Babu, ni kwamba miguu ilijua njia na mimi sikuwa na wazo lingine.

Tulikuwa kumi na wawili. Kilo hamsini. Upepo wa usoni. Kufikia nguzo ya pili nilikuwa wa kwanza, Vendelín kona mbili nyuma. Kule juu nilishaona moshi wa jiko la Gejza na watu wamesimama mlangoni na kengele mkononi. Zilibaki labda hatua mia tatu. Nikainamisha kichwa ili kamba ya paji la uso inayoshika mzigo ikae sawa, ndipo nikaona kiatu cha kushoto. Kilikuwa wazi. Kamba zimekatika, ulimi umetoka nje, na ndani kumejaa theluji mpaka juu, imeshindiliwa kama kabichi kwenye pipa. Nikageuka kutazama alama zangu. Ile kamba ilikuwa inaburuzika tangu chini kabisa, mstari mrefu mpaka ulipopotea. Nilitembea saa nzima na mguu uliojaa theluji na sikuwa na habari.

Nikajiuliza alikuwa amefunga nini miguuni, Bibi. Sikujua. Wewe hukuandika.

Nikashusha mzigo. Nikakaa juu yake.

Mlangoni mmoja akaacha kupiga kengele. Vendelín akafika, akanipita bila neno, kama desturi. Akaenda hatua kumi hivi, akasimama. Bila kugeuka akasema, "Pitoňák."

Nikasema, "Hupaswi kuniita."

"Kiatu chako kinakula theluji."

"Nimeona."

"Tangu lini?"

"Sijui."

Akasimama hapo na kilo hamsini akipumua. Kisha akatukana mama wa mlima, akashusha wake. Kizingiti kinaonekana, Babu, na yeye akashusha. Akarudi, akauchukua mguu wangu akautazama, akasema, "Mjinga wewe." Nikamwambia, "Ulisema nipewe mayai." Akasema, "Ningekupa na kuku." Alifungua mizigo kwenye chanja yake, akanikalisha mimi, akanifunga kwa kamba kama gunia, akaniteremsha mpaka barabarani mgongoni. Njia nzima alinilalamikia. "Mtungi wa gesi una adabu kuliko wewe, angalau hauning'inizi miguu." Nilicheka mara mbili. Msumari kapewa Michalák, yule wa miaka arobaini na tisa mwenye pumu, aliyekuwa wa tatu. Wanasema mpaka leo anaugusagusa ukutani kuhakikisha.

Wamekata vidole vitatu, kile kidogo na viwili vinavyofuata. Daktari anasema viwili vilikuwa vimekufa tangu Krismasi. Gumba na jirani yake vitabaki. Kukimbia, hajui. Alisema labda, kwa sauti ya watu wanaomaanisha la.

Walipoutia mguu kwenye maji ya vuguvugu, siku ya kwanza, maumivu yalikuja. Muuguzi alifunga mlango ili wengine wasinisikie. Nililia siku mbili. Wakaniongezea sindano wakidhani ni mguu. Kiasi fulani ulikuwa mguu.

Vendelín anakuja Jumapili. Analeta soseji, anazila mwenyewe.

Babu, yule mtoto alikuwa mvulana au msichana? Mlimpa jina? Kama hutaki kusema, usiseme, lakini usiniambie msumeno.

Blažej


Komárno, 3 Machi 1998

Mjukuu wangu Blažej,

Alikuwa msichana. Padri hakumwandika kitabuni. Apolónia alimwita Žofka, wakati akidhani mimi sisikii. Mimi sijawahi kulitamka jina hilo, na hapa ndipo ninapoliandika kwa mara ya kwanza. Yuko kwenye kona ya makaburi upande wa ukuta, chini ya jiwe lisilo na maandishi. Bibi yako alikuwa akilipanga upya kila masika, na wewe ulipokuwa mdogo ulikuwa unakaa juu yake ukila mkate. Hakukukataza.

Miguuni alifunga matambara ya blanketi, tabaka tatu, na juu yake viatu vya baba yake. Alivilegeza kila kituo. Vidole vyake vyote kumi alizikwa navyo.

Otília amenikatia tiketi ya treni. Anasema nina wazimu kurudi kwenye ngazi na theluji, na mimi nimemwambia lifti imenichosha. Nafika Poprad tarehe 12. Usije kunipokea, stesheni pana barafu, utaanguka utavunja na kingine. Mwambie Bachleda aje na gari, mwambie nataka kumwona uso wake.

Jumapili tutakwenda kwa Apolónia na kwa Žofka, wewe na magongo yako, mimi na goti langu. Kutoka mlangoni petu hadi ukutani pale ni mita mia nne. Tutenge asubuhi nzima.

Babu yako,
Imrich